Chuo, Kitabu na Maktaba katika Nchi ya Ugogo

Katika Kiswahili cha kale cha pwani neno chuo lilikuwa na maana ya kitabu, na ndivyo lilivyoandikwa katika kamusi ya Ludwig Krapf iliyochapwa mwaka 1882. Mtoto aliyetiwa chuoni alipelekwa mahali penye kitabu, na mtu aliyebobea katika vitabu aliitwa mwanachuoni. Baadaye neno hilo lilihamia kwenye nyumba ya mafunzo, na kitabu kikabaki na jina lake la Kiarabu, lenye asili moja na maktaba na katibu. Historia hiyo ya neno yafaa kukumbukwa pale inapotazamwa habari ya usomaji katika uwanda wa kati wa Tanzania, kwa kuwa huko nako vitabu vilitangulia vyuo vikuu kwa miaka mingi.

Uwanda huo una watu wa lugha nyingi. Wagogo na Warangi husema lugha za Kibantu. Waburunge wa Kondoa husema lugha ya Kikushi. Wabarabaig ni wa jamii ya lugha za Kinailoti. Na Wasandawe wana lugha yenye sauti za vidoko, ambayo ukoo wake wabishaniwa na wataalamu hata leo. Ni sehemu chache za Afrika zinazokutanisha lugha za asili mbalimbali namna hiyo. Misafara ya karne ya 19 iliyopita Mpwapwa na Ugogo ilieneza Kiswahili, na reli iliyofika Dodoma mwaka 1910 ikakitia nguvu. Hata hivyo lugha za nyumbani hazikukoma.

Wamisionari walipiga chapa maandiko ya dini kwa Kigogo tangu karne hiyo ya 19. Lakini kitabu kilichowaeleza Wagogo kwa kalamu ya mwenyeji kilitokea mwaka 1954, pale Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Ihumwa na mtumishi wa serikali, alipotoa Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika. Mnyampala alichagua kuandika kwa Kiswahili. Kwa uchaguzi huo habari za watemi, koo na mvua za Ugogo ziliweza kusomwa na Mrangi, Mhehe na mtu wa pwani pia. Mwandishi alifariki mwaka 1969. Mwaka 1995 kitabu chake kilitolewa kwa Kiingereza.

Kuwapo kwa kitabu hakumfai mtu asiyejua kusoma. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1967, watu wazima 67 katika kila 100 nchini hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka huohuo, tarehe 9 Desemba, jengo la Maktaba Kuu ya Taifa lilifunguliwa Dar es Salaam, kwa kazi iliyoanzishwa na sheria ya mwaka 1963. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na ngumbaru wakakaa madarasani nyakati za jioni baada ya kazi za shamba. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vilivyosikiliza redio, vikasoma kijitabu, kisha vikaenda kuchimba vyoo na kufyeka nyasi. Hapo kusoma kuliungana na afya ya kijiji kizima. Mtihani wa taifa wa mwaka 1975 ulionyesha kwamba wasiojua kusoma walipungua hadi 39 katika 100.

Ushindi huo ulikuwa na sharti lake. Msomaji mpya asiyepata cha kusoma husahau herufi upesi, kama mkulima asahauvyo njia ya shamba aliloliacha. Kwa hiyo maktaba za vijiji zilikuwa nguzo ya kazi yote, na palipokosekana vitabu vipya nguzo hiyo ililegea.

Mwaka 2007 Dodoma ilipata Chuo Kikuu cha Dodoma, na Chuo Kikuu cha St John's kikaanza mahali pa shule ya Mazengo, iliyokuwa na jina la mtemi wa Mvumi. Vyuo hivyo vilikusanya vijana wa kila pembe ya nchi, katika mkoa ambao wazee wake wangali na maarifa ya mvua, mifugo, nyimbo na dawa, mengi yakiwa katika lugha zisizo na rafu. Maktaba ya chuo inayomhudumia mtahiniwa peke yake hutimiza nusu ya wajibu wake. Yapasa ihifadhi kazi ya Mnyampala karibu na sauti za Kisandawe na Kiburunge zilizonaswa, na mlango wake umfae pia ngumbaru wa kijiji cha jirani. Lugha hizo zikinyamaza kabla ya kuandikwa, hakuna kamusi itakayozirudisha.