Wafamasia Wawili: Historia Fupi ya Vepu, Kutoka Digbeth

Mwaka 1837, hapa Birmingham, mfamasia Alfred Bird alitengeneza kastadi isiyo na mayai. Mke wake alikuwa akidhurika kwa kula mayai, kwa hiyo Bird akatumia unga laini wa mahindi badala yake. Inasemekana kwamba siku moja wageni waliandaliwa kastadi hiyo wakaipenda, ingawa wao hawakuwa na shida yoyote na mayai. Kitu kilichobuniwa kwa ajili ya mtu mmoja kikawa biashara kubwa. Kiwanda chake cha Digbeth kilifanya kazi hadi miaka ya 1960, na majengo yake bado yanaitwa Custard Factory.

Mwaka 2003, nchini China, mfamasia mwingine, Hon Lik, alibuni sigara ya kielektroniki ya aina tunayoijua leo. Yeye mwenyewe alikuwa mvutaji, na baba yake, mvutaji pia, aliugua saratani ya mapafu. Kifaa hicho hupasha moto kimiminika chenye nikotini mpaka kitoe mvuke, bila kuchoma tumbaku. Vijana wanakiita vepu.

Tumewaweka wafamasia hawa pamoja kwa sababu wote wawili walitafuta mbadala. Tukilielewa neno hilo vizuri, tutaweza kujibu swali ambalo wadogo zetu hutuuliza nyumbani: "Kama vepu ina nafuu kuliko sigara, mbona mnatukataza?"

Swali hilo lina historia. Mwaka 1950, Richard Doll na Austin Bradford Hill walichapisha utafiti uliohusisha uvutaji wa sigara na saratani ya mapafu. Mwaka 1962, chuo cha kifalme cha madaktari mjini London kilitoa ripoti iliyoitaka serikali ichukue hatua. Matangazo ya sigara yalitoka kwenye televisheni ya Uingereza mwaka 1965, lakini marufuku ya kuvuta ndani ya maeneo ya umma na ya kazi hapa England ilingoja hadi Julai 2007. Katika nchi iliyozika wavutaji wengi hivyo, mbadala wa sigara ulipokelewa kwa matumaini.

Ndiyo maana mwaka 2015 ulikuwa na mambo mawili. Mwezi Agosti, Public Health England ilikadiria kwamba madhara ya vepu ni pungufu kwa takriban asilimia 95 kuliko ya sigara. Mwezi Oktoba, sheria ikakataza kumuuzia vepu mtu aliye chini ya miaka 18. Mwaka huohuo, Uganda ilipitisha Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku: ikapiga marufuku sigara za kielektroniki na shisha, na ikaweka umri wa kuuziwa tumbaku kuwa miaka 21.

Hapo ndipo mazungumzo ya nyumbani yanapokwama. Mzazi aliyetoka Kampala anasema, "Kitu hiki ni marufuku." Mtoto aliyezaliwa Birmingham anajibu, "Hapa daktari anawashauri watu wakitumie." Kila mmoja anasema kweli, na kila mmoja anamwona mwenzake hajui kitu.

Isitoshe, wazazi wetu walilelewa na methali isemayo pafukapo moshi pana moto. Sigara hujitangaza kwa harufu ya nguo na vidole vya njano. Mvuke wa embe au stroberi hupotea kabla mama hajapanda ngazi, na kifaa chenyewe kinafanana na kalamu ya rangi. Kungoja dalili ni kuchelewa.

Sasa turudi kwenye mbadala. Mgeni wa Bird aliyekula kastadi bila sababu hakupoteza kitu. Kesho yake angeweza kuiacha. Nikotini haiachiki hivyo. Ubongo huendelea kukua hadi umri wa takriban miaka 25, na ubongo unaokua hushikwa na uraibu kwa urahisi zaidi. Mwenye uraibu hukosa utulivu darasani, huwa na hasira, na pesa zake za chakula cha mchana huishia dukani. Uingereza ilipiga marufuku vepu za kutumia mara moja na kutupa tarehe 1 Juni 2025, lakini zile za kujaza na kuchaji bado ziko madukani.

Kwa hiyo tunawashauri wenzetu wa chama, ambao wengi wetu ni kaka na dada wakubwa, waanze mazungumzo mapema na waanze kwa kuuliza. Mwulize mdogo wako anaona nini shuleni, kisha msikilize. Usimwambie kwamba vepu ni sawa na sigara. Atajua si kweli, na hatakuamini tena. Kama ameshaanza, usimwaibishe mbele ya wajomba na shangazi. Mpeleke kwa daktari au mfamasia, kwa maana msaada wa kuacha upo.

Kisha mwulize swali moja: kwako wewe, hii ni badala ya nini? Mke wa Bird alikuwa na jibu. Hon Lik alikuwa na jibu. Mtoto wa miaka 14 ambaye hajawahi kuvuta sigara hana jibu, na afadhali aligundue hilo mwenyewe, akizungumza na mtu anayempenda.