Mtawa Aliyesali Jikoni

Nicolas Herman hakuwa mtu ambaye ungemtarajia kwenye orodha ya walimu wa sala. Alizaliwa mwaka 1614 hivi huko Lorraine, mashariki mwa Ufaransa ya leo. Alipigana katika Vita vya Miaka Thelathini, akajeruhiwa. Baadaye akawa mtumishi wa nyumbani, na mwenyewe alisimulia kuwa alikuwa mzito wa mikono, kila kitu alikivunja. Mwaka 1640 alijiunga na watawa Wakarmeli mjini Paris, akapewa jina la Ndugu Lawrence wa Ufufuo. Halafu wakampeleka wapi? Jikoni. Kazi ambayo hakuipenda hata kidogo.

Nilianza kumsoma kwa sababu ya mafundisho ambayo sisi vijana wa Nairobi tunayasikia kila mara: mwamini wa kweli hutenga saa nzima ya utulivu kila asubuhi. Sawa. Lakini dada yangu anapika chapati kibandani, anaamka saa tisa usiku. Hiyo saa nzima ataitoa wapi?

Ukristo umelijua swali hili kitambo. Katika karne ya 6, Mtakatifu Benedikto aliigawa siku ya watawa kwa vipindi vya sala, tangu usiku wa manane hadi jioni. Ila kanuni yake hiyohiyo iliwataka wapokezane zamu za jikoni, na ikaagiza vyombo vya kazi vitunzwe kama vile vya altare.

Lawrence alienda mbele zaidi. Kwake, saa ya sala na saa ya kazi hazikutofautiana. Huku watu kadhaa wakimwitia mambo tofauti kwa wakati mmoja, alizungumza na Mungu kwa maneno machache, hata akigeuza mayai kwenye kikaango. Kimya chake hakikungoja kelele ziishe.

Usidhani ilikuwa rahisi. Aliandika kwamba miaka kama kumi ya mwanzo ilimtesa sana. Mawazo yalitangatanga kama yetu. Akigundua amesahau, aliomba msamaha, akarudi kwa Mungu, akaendelea na kazi. Hakukaa kujilaumu.

Nilipomsimulia dada yangu, aliuliza jambo moja tu: "Na huyo, kodi ya nyumba nani alimlipia?"

Swali lake ni la maana. Lawrence aliishi katika nyumba yenye chakula, kitanda na kengele ya kuwaita watawa kwenye sala. Kwa hivyo bosi asimtumie mtawa huyu kuwaambia wafanyakazi wasali wakiosha vyombo, mapumziko ya nini.

Lakini pia tusiwaambie wasio na kengele kwamba Mungu anawangoja mahali ambapo hawawezi kufika. Lawrence alifariki Februari 1691, akiwa ameshahamia kazi ya kushona viatu vya wenzake. Padri Joseph de Beaufort akakusanya barua na mazungumzo yake. Hakuacha ratiba ya sala ya kubandika ukutani. Aliacha ushuhuda kwamba sekunde kumi mbele ya jiko, moyo ukigeuka, ni sala kamili. Haihitaji kuombewa radhi.