Ajali na Kinga: Historia ya Mafunzo ya Kukabili Maafa

Wahenga walisema kuwa ajali haina kinga. Hapana awezaye kuukana ukweli wa neno hilo, kwa kuwa tufani haiombi ruhusa ya kuvuma, wala ardhi haipigi hodi kabla ya kutetemeka. Lakini methali hii imefanywa mara nyingi kuwa mto wa kulalia. Imesemwa mbele ya makaburi ambayo yangalikuwa machache zaidi kama walio hai wangalijua la kufanya katika saa ya kwanza ya msiba. Ajali yenyewe haina kinga. Fujo iifuatayo ina kinga, na kinga hiyo ni elimu. Katika karne ya ishirini elimu hiyo ilikua mpaka ikawa kazi ya maisha, yenye vyuo, walimu, mitihani na shahada. Nchi mojawapo ilikokua kwa upana mkubwa ni Marekani, na historia yake huko ina mafundisho mawili yanayopingana: jinsi mazoezi yalivyookoa watu, na jinsi mazoezi yalivyofanywa na watu wasiokolewe.

Hapo kale msaada wakati wa maafa ulikuwa kazi ya huruma tu. Mji ulipoungua au kufurika, majirani walikimbia na ndoo, matajiri walitoa nguo, na nyumba za ibada zilifunguliwa kwa wasio na pa kulala. Huruma haikupungua, kilichopungua ni maarifa. Tarehe 6 Desemba 1917, meli mbili ziligongana katika bandari ya Halifax, nchini Kanada. Moja yao, Mont-Blanc, ilikuwa imejaa baruti, ikawaka moto na kulipuka. Watu wapatao 2,000 walikufa, na wengine 9,000 walijeruhiwa. Kasisi mmoja wa mji huo, Samuel Henry Prince, alikwenda baadaye kusoma katika Chuo Kikuu cha Columbia, na mwaka 1920 akatoa kitabu juu ya msiba ule. Kitabu hicho huhesabiwa miongoni mwa kazi za kwanza zilizoyatazama maafa si kama hukumu tu, bali kama jambo lenye mwanzo, mwendo na taratibu zake, liwezalo kuchunguzwa kama mganga achunguzavyo ugonjwa.

Ilipita miaka mingi kabla uchunguzi wa namna hiyo haujawafikia waliokuwa wakishika mipira ya maji. Tarehe 16 Aprili 1947, meli Grandcamp iliwaka moto katika bandari ya Texas City, ikiwa na shehena ya mbolea ya amonia nitrati. Moshi wake ulikuwa na rangi ya machungwa, mzuri wa kutazamwa, na watu walisogea gatini kuutazama. Wazima moto wa kujitolea wa mji huo walikuwa kazini pale pale meli ilipolipuka. Karibu kikosi chao kizima kiliangamia, na waliokufa katika mji walikaribia 600. Watu wale hawakuwa waoga wala wavivu. Ushujaa wao ulikuwa kamili. Walilokosa ni kujua kuwa kitu kirutubishacho mashamba kinaweza kuubomoa mji. Ushujaa usio na elimu uliwapeleka karibu na kifo kuliko uoga ulivyowapeleka wengine.

Si msiba wa Texas City, bali hofu ya vita, iliyofungua mifuko ya serikali. Mwaka 1949 Urusi ya Kisovieti ilijaribu bomu lake la kwanza la atomiki, na Marekani ikatunga sheria ya ulinzi wa raia ya mwaka 1950. Katika miaka iliyofuata chuo cha kuwafunza wakuu wa ulinzi huo kiliwekwa Battle Creek, katika jimbo la Michigan. Waliofika hapo walifundishwa kupima sumu ya mnururisho, kuwatoa watu chini ya vifusi, kupanga mahandaki, na kulisha makundi makubwa yaliyokimbia makwao. Bomu walilofundishwa kulingoja halikuanguka. Badala yake zilikuja tufani, mafuriko na matetemeko, na wakuu wa miji waliona kuwa daftari lililoandikwa kwa ajili ya adui wa mbali halikujibu maswali ya mto uliopita nyuma ya nyumba zao.

Mafunzo ya siku zile yalikuwa na kosa jingine lililojificha zaidi. Yalijengwa juu ya imani kwamba raia, apatapo hofu, hugeuka kuwa mnyama: atakimbia ovyo, ataiba, atawakanyaga wanyonge. Basi kazi ya kiongozi ilidhaniwa kuwa ni kuwazuia watu. Mwaka 1963 wanazuoni watatu, E. L. Quarantelli, Russell Dynes na J. Eugene Haas, walianzisha kituo cha uchunguzi wa maafa katika Chuo Kikuu cha Ohio State. Tetemeko kubwa lilipoipiga Alaska tarehe 27 Machi 1964, wachunguzi wao walikwenda Anchorage. Huko, na katika misiba mingi waliyoichunguza baadaye, waliona kinyume cha imani ile. Waathiriwa wengi hawakupagawa. Waliotolewa katika vifusi walitolewa kwanza na jamaa na majirani, kabla gari lolote la serikali halijafika. Mvurugano ulikuwapo, lakini mara nyingi ulikuwa baina ya ofisi na ofisi, si baina ya raia na raia. Tangu hapo mafunzo mazuri yakaanza kumhesabu mwananchi kuwa mkono wa kwanza wa uokozi, na kiongozi akaanza kufundishwa kujitazama yeye mwenyewe.

Ushahidi wa maneno hayo ulikuja kwa moto. Katika mwaka wa 1970, misitu na vichaka vya kusini mwa California viliungua kwa muda wa siku 13. Watu 16 walikufa, majengo yapatayo 700 yaliteketea, na zaidi ya eka nusu milioni ziligeuka majivu. Wazima moto walikuja kutoka miji, wilaya, jimbo na idara ya misitu ya serikali kuu, nao walikuwa wengi na hodari. Ila kila kikosi kilikuja na desturi zake. Simu zao za upepo hazikusikilizana. Neno moja lilikuwa ndege ya kumwaga maji kwa hawa, na gari la kubeba maji kwa wale. Mkubwa mmoja aliripotiwa na watu wengi kuliko awezavyo kuwasikiliza, na penye wakubwa wengi hapakujulikana amri ya nani ifuatwe. Msemo kuwa manahodha wengi chombo huenda mrama ulipata tafsiri yake katika milima ile.

Baada ya msiba huo, idara zile zilikaa pamoja katika mpango ulioitwa FIRESCOPE, na katika miaka ya 1970 zikatengeneza utaratibu mmoja wa uongozi penye tukio. Utaratibu wenyewe hauna fumbo. Kila tukio lina mkuu mmoja, au baraza moja la wakuu wakubaliano kwa sauti moja. Chini yake zipo sehemu nne: ya utendaji, ya mipango, ya vifaa, na ya fedha. Hakuna mtu asimamiaye zaidi ya watu saba, wala chini ya watatu, na watano ndiyo kadiri iliyo bora. Maneno ni ya wazi na ya namna moja kwa wote. Cheo cha mtu hufuata kazi aliyopewa siku hiyo, si nishani aliyokuja nayo kutoka ofisini kwake. Tukio likikua, utaratibu hukua. Likipungua, hukunjwa kama mkeka. Jambo kubwa hapa ni kuwa utaratibu huu haukuzaliwa katika chumba cha wasomi waliotafuta jambo la kuandika. Uliokotwa katika majivu, kosa kwa kosa, na kila kanuni yake ni jibu la fujo iliyoonekana kwa macho. Ndiyo sababu ulienea kutoka moto wa misitu hadi mafuriko, ajali za ndege na magonjwa, na baada ya mwaka 2004 serikali kuu ya Marekani iliuweka ndani ya mfumo mmoja wa taifa zima.

Wakati huo kazi yenyewe ilikuwa imepata makao. Mwaka 1979 Rais Jimmy Carter aliziunganisha ofisi nyingi zilizotawanyika zikawa shirika moja, FEMA. Katika mwaka huo huo serikali ilichukua majengo ya St. Joseph College huko Emmitsburg, katika jimbo la Maryland, chuo cha wanawake kilichokuwa kimefungwa mwaka 1973, ikayafanya kuwa mahali pa kuwafunza wazima moto na wasimamizi wa maafa. Mwaka 1983 Chuo Kikuu cha North Texas kilianza kutoa shahada ya kwanza ya fani hii, na vyuo vingine vikafuata. Aliyekuwa zamani askari mstaafu mwenye daftari la mahandaki akafuatwa na kijana aliyesoma sheria, ramani, afya ya jamii na tabia za watu.

Lakini elimu hupimwa siku ya haja. Tarehe 19 Julai 1989, ndege ya aina ya DC-10, safari namba 232 ya kampuni ya United, ilipasukiwa na injini ya mkiani ikiwa angani, na mafuta yote ya kuongozea mabawa yakavuja. Ndani yake walikuwamo watu 296. Kwa muda wa dakika 44 rubani Al Haynes na wenzake waliiongoza kwa kuongeza na kupunguza nguvu za injini mbili zilizosalia. Miongoni mwa abiria alikuwamo Dennis Fitch, mwalimu wa marubani wa ndege za aina hiyo, ambaye alikuwa amejizoeza katika mashine ya kuigiza urukaji hali ya kukosa mafuta hayo, baada ya kusikia juu ya ndege ya Japani iliyoanguka mwaka 1985. Aliitwa mbele akashika vishikio vya injini. Walielekea Sioux City, mji usio mkubwa katika jimbo la Iowa.

Mwaka 1987 mji huo ulikuwa umefanya zoezi kamili: ndege kubwa imeanguka katika njia ya kurukia isiyotumika tena, na majeruhi ni wengi. Wapo waliodhani kuwa zoezi la namna hiyo halikufaa uwanja ambao ndege kubwa kama zile hazikuwa na safari nao. Makosa yaliyoonekana yaliandikwa, mpango ukarekebishwa, na vijiji vya jirani vikaingizwa ndani yake. Miaka miwili baadaye ndege ikaja kweli, ikaanguka katika njia ile ile. Magari ya wagonjwa yalikuwa yamekwisha kupangwa kabla haijagusa ardhi. Watu 112 walikufa. Watu 184 waliishi. Bahati ilisaidia, kwa kuwa askari 285 wa kikosi cha anga cha akiba walikuwa kazini siku hiyo, na hospitali zilikuwa katika saa ya kubadilishana zamu, hivyo zikawa na wauguzi maradufu. Haynes mwenyewe hakuificha bahati hiyo, bali aliitaja pamoja na mawasiliano, maandalizi, utendaji na ushirikiano. Bahati huja kwa wote. Ila ilimkuta Sioux City amekwisha tandika mkeka.

Fundisho la pili ni chungu. Katika mwezi wa Julai 2004, maofisa wa ngazi mbalimbali walikusanyika Baton Rouge, katika jimbo la Louisiana, kwa zoezi la siku tano juu ya tufani ya kubuni iliyopewa jina la Pam. Tufani hiyo ya karatasi iliufunika mji wa New Orleans kwa maji, ikabomoa majengo zaidi ya nusu milioni, na kuwaacha ndani watu wengi wasio na magari ya kuwatoa. Walioiandika walikuwa karibu kama waonaji. Lakini mipango iliyotokana na zoezi haikukamilishwa, na mikutano ya kuiendeleza ilicheleweshwa kwa uhaba wa fedha. Tarehe 29 Agosti 2005 tufani Katrina ilifika. Matuta ya kuzuia maji yalivunjika, na karibu asilimia 80 ya mji ikafunikwa. Sehemu ya mpango iliyokuwa imekamilika, ile ya kuzigeuza njia zote za barabara kuu ziwe za kutokea, ilifanya kazi, na watu zaidi ya milioni moja waliondoka katika eneo lile. Swali la wasio na magari halikuwa limepata jibu, na mabasi ambayo yangaliwachukua yalionekana yamezama katika maegesho yao. Hesabu za kwanza za waliokufa zilipita 1,800. Zilizosahihishwa baadaye zilisema karibu 1,400. Wengi wao walikuwa wazee.

Katika siku hizo hizo walinzi wa pwani wa Marekani waliwaokoa watu zaidi ya 33,000. Hao walikuwa wakifanya kila siku, katika mawimbi madogo, kazi ile ile waliyoifanya katika msiba mkubwa, na wadogo wao walizoea kuamua bila kungoja barua. Kwa hiyo haisemwi kwa haki kuwa mafunzo hayakufaa kitu mwaka 2005. Yalifaa kila mahali yalikokuwa yamegeuka desturi, na hayakufaa yalikobaki kuwa ripoti.

Hapa ndipo historia ya Texas City, California, Sioux City na New Orleans inapokutana. Zoezi ni deni ambalo mwenye kulifanya anajikopesha mwenyewe: huonyeshwa udhaifu wake kabla haujamwua, na hutakiwa kuulipa kwa kurekebisha. Sioux City uliulipa. New Orleans ulionyeshwa deni lake kwa hesabu sahihi, nalo likaachwa mezani miezi 13. Cheti cha kuhitimu hakina uwezo wa kuliondoa deni hilo, wala ukumbi mzuri wa mikutano hauna. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wale wale wahenga waliosema kuwa ajali haina kinga, na hapana budi methali hizo mbili zisomwe pamoja. Mwalimu wa elimu hii amaliziapo somo lake humwuliza mwanafunzi swali moja, nalo lafaa kuulizwa pia na kila baraza la mji: kosa lililoonekana katika zoezi lililopita, ni nani aliyepewa kulirekebisha, na kwa fedha gani, na mpaka siku gani?