Maneno ya Kusi na Kipupwe katika Milango ya Rufiji

Nchi yetu ya mwambao haina theluji wala barafu, lakini ina majira yake ya hatari. Watu huyaita kipupwe, nayo ni miezi ya Juni, Julai na Agosti, wakati hewa inapopoa na upepo wa kusi kuvuma kwa nguvu kutoka baharini. Mwalimu aliyezaliwa bara, akipelekwa Salale, husikia wenyeji wakitaja kusi, kaskazi, bamvua na maji mafu, akadhani ni majina tu ya kujifunza. Sivyo. Maneno hayo ni sheria za kuokoa watu, na yafaa tuyachunguze: ni wapi yametufaa, na ni wapi hayakutosha.

Kwanza tutazame mahali penyewe. Mto Rufiji, kabla haujafika baharini, hugawanyika ukawa na milango mingi, kama vile Kikunya, Simba Uranga, Kiomboni na Msala. Katikati yake imejaa mikoko, na mbele yake yako mafungu ya mchanga na tope yasiyoonekana maji yakijaa. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, huja bamvua, na maji hupanda na kushuka kwa mita 3 na zaidi. Siku za maji mafu hayaendi mbali. Basi mtu asiyejua tarehe ya mwezi hajui pia kina cha njia yake.

Hatari ya kipupwe yatokana na vitu viwili kukutana. Kusi husukuma mawimbi kuja pwani. Maji yanayokupwa hutoka mtoni kwa kasi kwenda baharini. Yakigongana juu ya fungu, wimbi husimama wima na kuvunjika, na mtumbwi uliopita salama saa chache kabla hujaa maji mara moja. Kwa sababu hiyo wazee hufundisha kuingia mlangoni pamoja na maji yanayojaa, na kusafiri alfajiri kabla upepo haujaamka. Hufundisha pia kwamba mtoto asioge mlangoni maji yakianza kupwa, kwani mkondo hauna haja ya wimbi ili kumchukua.

Biashara nayo ilitii sheria hiyo. Kwa karne nyingi majahazi ya Arabuni na Ghuba yalishuka na kaskazi, kuanzia Novemba hata Machi, yakapakia boriti za mikoko, kisha yakarudi kwao kusi ilipoanza. Nahodha aliyechelewa hata kusi ikakomaa alijiweka hatarini, maana katika Juni na Julai bahari kuu ilihesabiwa kuwa imefungwa. Mwaka 1939 Alan Villiers, baharia wa Australia, alikuja Rufiji katika jahazi la Kuwait lililofuata boriti hizo, akaandika habari za safari yake. Biashara hiyo imekwisha.

Manowari za Wazungu nazo zilifundishwa na mafungu hayo hayo. Manowari ya Wajerumani iitwayo Königsberg ilijificha Salale mwaka 1914, na merikebu kubwa za Waingereza hazikuweza kuifuata kwa uchache wa maji. Ikabidi ziletwe Severn na Mersey, ambazo hazizami sana majini, na kwa hizo Königsberg iliangamizwa tarehe 11 Julai 1915.

Majira hayo yote yalihesabiwaje? Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi, wala haushiki majira. Kwa hiyo mabaharia na wakulima wa mwambao walikuwa na mwaka mwingine, unaoanza siku ya Nairuzi, wenye siku 365 zilizogawanywa kwa miongo ya siku kumi kumi. Lakini mwaka huo hauna siku ya ziada kila mwaka wa nne, basi hurudi nyuma polepole. Katika karne ya 19 Nairuzi iliangukia Agosti. Siku hizi huangukia Julai. Mtu akishika hesabu ya muongo aliyoipokea kwa babu yake, pasipo kutazama upepo wenyewe, atakosea kwa siku kadhaa.

Tena liko jambo ambalo hesabu hiyo haikulifunga, yaani tufani. Kusi hurudi kila mwaka. Tufani yaweza kukosa kizazi kizima, na watu wakasahau. Tarehe 15 Aprili 1872 ilipiga Unguja, ikang'oa mikarafuu na minazi mingi na kuzamisha merikebu za Sultani Barghash. Huko Bagamoyo iliangusha majengo ya misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa mwaka 1868. Aprili 1952 tufani nyingine ilipiga Lindi. Tarehe 4 Mei 2024 tufani iliyopewa jina la Hidaya, neno ambalo kwetu maana yake ni zawadi, ilifika kisiwa cha Mafia, kilicho mkabala wa milango ya Rufiji, nayo nchi ya Rufiji na Kibiti ilikuwa imekwisha kufunikwa na mafuriko ya mto mwezi uliotangulia.

Angalia tarehe hizo. Zote tatu ni za Aprili na Mei, kaskazi inapokwisha na kusi inapoanza. Ndio wakati ambao nahodha wa zamani alitweka tanga kurudi kwao, na mvuvi wa leo huuona kuwa mwema kuliko kipupwe.

Siku hizi Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari, ikitaja upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2. Ni habari njema, lakini kijana wa Salale asiyejua bamvua hatafahamu kwamba mita 2 za bahari wazi si sawa na mita 2 juu ya fungu maji yakikupwa. Na yule ajuaye bamvua, asiposikia tahadhari, hatajua kwamba tufani iko njiani. Basi, walimu wenzangu, tufundishe yote mawili darasani kwa pamoja, kabla ya Aprili haijaingia, maana wanafunzi wetu wengi hupanda mtumbwi kabla hawajajua kusoma.