Kwa nini Spitfire Mk III haikufika vitani?

Mwaka 1940, ndege za kivita aina ya Spitfire zilijulikana duniani kote kwa kuilinda Uingereza dhidi ya mashambulizi ya anga ya Ujerumani. Lakini iko Spitfire moja ambayo haikuwahi kupigana, ingawa ilikuwa bora kuliko zilizoitangulia: Mk III, yaani toleo la tatu.

Ndege hiyo iliruka kwa mara ya kwanza Machi 16, 1940. Ilifungwa injini mpya ya Rolls-Royce, Merlin XX, yenye karibu nguvu-farasi 1,390. Spitfire za mwanzo zilikuwa na takriban 1,030. Mabawa yake yalifupishwa, na gurudumu la mkia lilikunjwa ndani ili lisizuiwe na upepo. Oktoba mwaka huohuo, serikali iliagiza ndege 1,000.

Kwa nini basi hazikuundwa?

Sababu kubwa ilikuwa injini. Merlin XX ilikuwa na kifaa cha kusukuma hewa chenye gia mbili: moja ya kurukia chini, nyingine ya juu. Kuiunda kulikuwa kazi, na zilizopatikana hazikutosha. Ndege nyingine ya Uingereza, Hurricane, ilikuwa imeanza kuachwa nyuma na ndege za Wajerumani. Ikapewa yenyewe injini hizo.

Sababu ya pili ilikuwa muda. Mk III ilihitaji mabadiliko mengi ya umbo, na Septemba 1940 mabomu yalikuwa yameharibu kiwanda cha Spitfire mjini Southampton. Kubadili mitambo kungepunguza idadi ya ndege wakati kila moja ilihitajika.

Rolls-Royce ikaleta injini nyepesi kuunda, Merlin 45, yenye gia moja tu. Iliingia katika umbo la zamani bila marekebisho makubwa. Ndivyo ilivyozaliwa Mk V mwaka 1941, na zaidi ya 6,400 ziliundwa. Wahenga walisema: heri kenda shika kuliko kumi nenda uje.

Hata hivyo, kazi ya Mk III haikupotea. Ndege ile ya majaribio ilifungwa injini nyingine mpya, na majaribio hayo yakasaidia kuzaliwa kwa Mk IX, iliyoingia vitani 1942 kukabiliana na ndege hatari ya Ujerumani, Focke-Wulf 190.