Taaluma ya maendeleo ya kimataifa

TAALUMA hii huchunguza kwa nini baadhi ya mataifa hutajirika ilhali mengine husalia maskini. Huunganisha uchumi, siasa na historia.

Katika Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, taasisi ya somo hili ilianzishwa mwaka wa 1966 chini ya Dudley Seers. Alishikilia kuwa uchumi kukua pekee si maendeleo. Sharti umaskini, ukosefu wa kazi na pengo kati ya matajiri na maskini vipungue.

Mnamo 1972, Hans Singer na Richard Jolly wa taasisi hiyo waliongoza ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani nchini Kenya. Ripoti yao ilionyesha kuwa mafundi na wachuuzi wadogo hawakuwa wazembe, bali walikosa kipato cha kutosha. Iliihimiza serikali iache kuwabomolea vibanda ovyo.