Karagwe Ilihesabiwa Zamani, Sasa Ijifunze Kuhesabu

Mtanisamehe kwa ukimya wa wiki kadhaa. Niko likizo nyumbani Kayanga, na kila jioni baada ya kula ndizi na maharage ya mama najifungia chumbani na kompyuta yangu na bando la intaneti, nasoma sayansi ya data kwa kozi za mtandaoni. Ndiyo, ni mimi yule yule niliyekimbilia uandishi wa habari nikidhani nimeagana na hesabu.

Kwa wasioijua, sayansi ya data ni kazi ya kuchukua rundo la taarifa, kuzisafisha, kuzipanga kwenye jedwali, kuziuliza maswali na kutoa jibu ambalo mtu mwingine anaweza kulihakiki. Kwa mwandishi wa habari hiyo ni silaha. Kiongozi akisema hali ya wananchi imeboreka, humwandiki tu ulivyomsikia. Unafungua jedwali.

Sasa kilichonifanya niandike leo ni mazoezi ya kozi zenyewe. Karibu kila mwalimu anaanza na mifano ile ile. Kuna vipimo vya maua ya Iris alivyovichapisha Ronald Fisher mwaka 1936, na kuna abiria wa meli ya Titanic iliyozama mwaka 1912. Jedwali la Titanic wanalopewa wanafunzi lina abiria 891, na mimi nimeshawahesabu mpaka nimewazoea kama majirani. Nimeshajua kwamba wa daraja la tatu walikufa wengi kuliko wa daraja la kwanza. Sawa, lakini nikajiuliza, hivi Karagwe haina data?

Nikaanza kuchimba. Nilichokikuta ni historia, na ndiyo ninayowaletea leo.

Tuanzie mwaka 1861. Mwezi Novemba mwaka huo Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Grant, waliingia Karagwe wakitafuta chanzo cha mto Nile. Omukama Rumanyika akawapokea vizuri. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1863, Speke anasimulia jinsi alivyompima kwa futi ya kamba mama mmoja wa nyumba ya mfalme. Ilikuwa ni desturi wanawake wa ikulu kunyweshwa maziwa mpaka wanenepe sana, na mgeni alitaka kujua wamenenepa kiasi gani. Akapima mkono, kifua, paja, shavu la mguu na urefu. Ila kulikuwa na makubaliano: na yeye Mzungu alitakiwa kuonyesha mikono na miguu yake.

Msicheke. Hiyo nayo ni data. Kuna kipimo, kuna mpimaji, kuna daftari. Vipimo vilisafiri hadi London vikachapishwa, na aliyepimwa alibaki Karagwe. Shikeni hapo, tutarudi.

Sasa turuke zaidi ya miaka 120. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa huku kwetu Kagera. Wakubwa zetu wanakumbuka, watu waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kikitamba kwenye biashara ya mpakani na Uganda. Miaka michache baadaye kulikuwa na vijiji vyenye makaburi mapya na watoto wanaolelewa na bibi zao.

Mwaka 1991 Benki ya Dunia na watafiti wa Muhimbili, wakati huo ikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walianza utafiti mkubwa wa afya na maendeleo mkoani Kagera. Swali lao lilikuwa moja na gumu: mtu mzima anapokufa, nyumba aliyoiacha inaishije? Wakachagua kaya zaidi ya 900 kutoka maeneo 51 katika wilaya zote za mkoa za wakati ule, Karagwe ikiwemo. Kaya nyingi zilitembelewa hadi mara nne kati ya 1991 na 1994, kwa kupishana miezi sita hivi. Waliuliza kuhusu chakula, mashamba, shule, ugonjwa na misiba.

Kilichoufanya utafiti huu ujulikane duniani ni kilichofuata. Mwaka 2004 watafiti walirudi kuwatafuta watu wale wale, kazi ya uwandani ikifanywa na taasisi ya EDI yenye makao Bukoba. Fikirieni ugumu wake. Watoto wamekua, mabinti wameolewa, vijana wamekimbilia Mwanza na Dar, wengine wamevuka kwenda Uganda. Hata hivyo walimpata angalau mtu mmoja katika asilimia 93 ya kaya za mwanzo. Na kwa kuwa watu walikuwa wametawanyika, kaya zile 900 na ushei zilikuwa zimezaa zaidi ya kaya 2,700. Mwaka 2010 wakarudi tena.

Kwa nini wasumbuke hivyo badala ya kuhoji waliobaki kijijini tu? Hapo ndipo lilipo somo ambalo Titanic haikunifundisha. Watafiti Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon waliwalinganisha watu waliotoka kaya moja, waliohama na waliobaki. Wakakuta kwamba kati ya 1991 na 2004 uhamaji peke yake uliongeza pointi 36 za asilimia kwenye ukuaji wa matumizi ya waliohama. Kwa lugha nyepesi, ukiwahesabu waliobaki tu utaona Kagera iliyopiga hatua ndogo, na hutawaona kabisa wale waliopiga hatua kubwa. Kabla hujaamini wastani wowote, uliza kwanza ni nani hayumo kwenye jedwali.

Data hizo zipo kwenye tovuti ya Benki ya Dunia, unajiandikisha na kuzipakua bila malipo, zikiwa zimeondolewa majina. Wachumi wa nchi mbalimbali wamezifanyia kazi na kuandika makala nyingi. Mimi niliyezaliwa humu humu nimezijua juzi, tena baada ya kumaliza maua na meli ya watu.

Nilipozifungua, mama alipita akachungulia, akauliza, "Mwanangu, hizo namba zote ni za nini?" Nikamwonyesha: mstari mmoja ni mtu mmoja, na hapa wameuliza kama baba yake yuko hai, na hapa kama mama yake yuko hai. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kumbe hao ni watu." Sina cha kuongeza. Kozi nzima ya maadili ya data nimeipata kwa sentensi hiyo moja.

Sasa tuje mwaka 2012, mwaka wenye mambo mawili. Huko Marekani, baada ya maelfu ya watu kujiandikisha mwaka 2011 kwenye kozi za bure za Chuo Kikuu cha Stanford, Andrew Ng na Daphne Koller walianzisha Coursera, na vyuo vya Harvard na MIT vikaanzisha edX. Mlango wa chuo kikuu ukafunguka kwa mwenye kompyuta na mtandao. Mwaka huo huo, huku kwetu, wilaya ya Karagwe iligawanywa na Kyerwa ikazaliwa.

Yanahusiana vipi? Kupitia kosa langu. Kama zoezi niliweka sensa mbili pamoja. Mwaka 2002 Karagwe ilikuwa na watu zaidi ya 425,000. Mwaka 2012 ilikuwa na takriban 332,000. Kompyuta ikanichorea mstari unaoporomoka kama jiwe, nami nikaanza kutunga kichwa cha habari: Watu Waikimbia Karagwe. Nilikuwa nimebakiza kuandika aya ya kwanza tu ndipo nikakumbuka Kyerwa, iliyohesabiwa peke yake mwaka 2012 ikiwa na takriban watu 321,000. Jumlisha. Ni zaidi ya 650,000. Hakuna aliyekimbia, watu waliongezeka kwa zaidi ya nusu.

Wadau, kompyuta haikukosea hata kidogo. Ilihesabu nilichoipa. Mwanafunzi wa Stanford angeweza kulikosa kosa hilo maisha yake yote, lakini muuza kahawa yeyote wa Nkwenda angelisahihisha bila kompyuta. Hiyo ndiyo faida tuliyo nayo sisi wa huku, na tunaiacha bure.

Kwa hiyo kwa vijana wenzangu mnaoanza, ushauri wangu ni huu. Jiandikisheni kwenye hizo kozi, baadhi unaweza kusikiliza masomo bure na kulipia cheti tu ukikihitaji. Wengi wanaoanza hawamalizi, na mimi nimeshaacha mbili. Hii ya tatu imenishika kwa sababu moja, niliacha mifano ya mwalimu nikaweka ya kwetu. Tafuta sensa, matokeo ya mitihani ya shule uliyosoma, bei za maharage kwenye soko lenu. Anza na swali ambalo jibu lake litakunyima usingizi.

Yule mama wa ikulu ya Rumanyika hakukubali kupimwa bure. Alitaka naye aone. Sisi tumepimwa kwa futi, kwa dodoso na kwa sensa, na daftari sasa liko wazi. Kuangalia ni juu yetu.

Nawasilisha. Umeme ukiendelea kuwepo, wiki ijayo nitawaletea chati yangu ya kwanza ya Karagwe na Kyerwa. Mnaruhusiwa kuikosoa.